Joho la Keateka

Nilipewa vipimo vya Odera,
yule wa kubeba vyuma nyuma ya kinyozi:
kifua inchi arobaini na sita, shingo kama gogo.
Nikashona siku tatu, umeme ukienda na kurudi.
Joho nililitoa kwenye pazia jekundu la Gikomba
lenye maua madogo upande wa ndani.
Kirimi akasema kamera haioni maua.
Kirimi ana miaka ishirini na miwili, kamera ya kuazima,
na filamu nzima kichwani.

Siku ya kupiga picha Odera hakuja.
Alitaka nusu ya pesa itangulie,
na nusu ya sifuri ni sifuri.
Tuko juu ya paa, orofa ya saba, Tassia,
kati ya matangi na kamba za nguo.
Mwakio kinyozi amepakwa masizi usoni,
yeye ndiye Mfalme Kiza, anangoja kupigwa,
na wa kumpiga hayupo.

Ndipo mlango wa chuma ukalia.
Ombasa.
Keateka wetu, patipati za rangi mbili,
funguo arobaini na mbili kiunoni, mkungu mzima.
"Nani amewapa ruhusa? Nani ataosha hayo masizi?
Na wewe Mwakio, unacheza na deni la miezi miwili?"
Mfalme Kiza akarudi nyuma hatua tatu.
Hakuwa anaigiza.
Kirimi hakuzima kamera.

Hivyo ndivyo mtu wa kilo hamsini na nne
alivyoingia ndani ya kifua cha Odera.
Nilimbana kwa pini kumi na tisa.
Akauliza kama joho lina mfuko.
Shujaa, alisema, lazima awe na mahali pa kuweka risiti.
Nikamshonea mfuko.

Aliandikiwa aseme: "Mimi ni radi isiyo na wingu!"
Ombasa akavuta pumzi, akaitazama Embakasi yote
hadi kwenye ndege iliyokuwa ikitua,
akanguruma: "Kodi ni tarehe tano!"
Mara sita.
Ya saba, Kirimi akaifuta radi.

Kupaa je? Tulimwekea kreti ya soda.
Akaruka kimo cha jogoo anayekwepa kisu,
joho likanasa kwenye kamba,
akatua amejifunika shuka la Mama Naserian.
Hiyo pia imo.

Vita vya mwisho havikuwa kwenye karatasi.
Mfalme Kiza anaoga, maana hata dhalimu huoga,
povu hadi kwenye nyusi, anapanga kuiteketeza dunia.
Ombasa hamgusi.
Anashuka ngazi taratibu, anauchagua ufunguo mmoja,
anafungua kijisanduku, anafunga koki.
Bomba linakohoa, linanyamaza.
Kisha sauti ndogo kutoka povuni:
"Bosi, tuongee."

Tuliitazama Jumamosi, kwenye shuka lile lile.
Orofa zote zilishuka na viti, watoto wakakalia mitungi.
Koki ilipofungwa, ploti nzima ilipiga vigelegele,
watu wale wale waliofungiwa koki ile ile
na mkono ule ule,
mimi nikiwemo, mara mbili, mwezi wa Januari.
Ombasa alisimama nyuma, gizani,
akinung'unika kuwa taa ya ngazini imeachwa ikiwaka.
Akaenda kuizima.
Aliporudi macho yalikuwa mekundu.
Vumbi, akasema.
Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Tarehe tano, saa kumi na mbili asubuhi, mlango.
Patipati zile zile, kalamu sikioni.
"Fundi, kodi."
Nikahesabu. Ikapungua mia mbili.
Akaitazama ile mia mbili isiyokuwepo kwa muda mrefu,
akasema, "Kesho."
Miaka tisa, sijawahi kumsikia akisema kesho.
Kisha akapitisha mkono ndani ya kola, huko mgongoni,
akapapasa, akachomoa kitabu cha risiti,
na alipogeuka kwenda kwa Mwakio
nikaona chini ya shati la kaki
pindo jekundu, maua kwa ndani,
na uzi wangu.